Baka Lililohama Shavu

6 Februari 1993

Mdogo wangu Flashi,

Pokea salamu zangu uzigawe kabla hazijapoa: kwa mzee kwanza, kwa mkeo, kwa Kinyozi wetu wa mlango wa pili, na kwa mwanao ambaye nasikia sasa anatambaa na kula kila kilichoanguka sakafuni. Mimi nipo, nakula, nafanya kazi. Baridi ya huku inauma lakini nimeizoea. Ndani ya bahasha nimeweka picha yangu nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, ili mzee aone kwamba bintiye hajakonda.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tisa mzee anatimiza miaka sabini. Nimekata shauri kumchorea kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima wa nyuma wa studio, pale palipo na lile pazia la maua lililopauka. Maisha yake yote amewapiga watu picha wakiwa wamevaa koti na tai za studio, shingo zimekakamaa kama wamemeza rula. Mimi nataka kuwachora jinsi walivyo siku za kawaida. Kinyozi akimnyoa mtu huku akibishana habari za mpira. Wewe ukipepesa macho flashi ikiwaka, maana hata jina ulilipata kwa hilo. Marehemu mama akichambua mchele dirishani. Wale rafiki zake mzee wanaokuja kucheza drafti na kununa wakifungwa. Na katikati yao, mzee mwenyewe.

Kwa hiyo naomba picha. Nipigie mzee akiwa katika mambo yake, asijipange: anakunywa chai, anafunga kiatu, anagombana na redio. Usimwambie ni za nini.

Jambo moja dogo. Barua yako ya mwisho haikuwa na mstari wa mzee. Tangu niondoke hajawahi kuacha kuandika pale chini, hata kama ni kuniambia tu kwamba picha niliyotuma ina mwanga mbaya. Amekasirika? Kama ni kwa sababu sikuja mwaka jana, aseme.

Dada yako,
Rangi

2 Machi 1993

Shikamoo dada,

Huku hatujambo, na salamu zako nimezigawa zikiwa bado za moto. Mtoto ameota jino la kwanza, akalijaribu kwenye kidole cha Kinyozi. Mke wangu anauliza kochi lako la kijani ulilipata wapi, kwa sababu yeye tangu nimuoe anakalia stuli za studio. Kazi ipo, ila siku hizi ni picha za pasipoti tu. Wale wa kuja familia nzima wamepungua.

Wazo la kitambaa limenifurahisha. Nimekuwekea picha mbili. Ya kwanza ni Kinyozi kazini, na kama unavyoona hakufunga mdomo hata kamera ikimtazama. Ya pili ni mzee akinywa chai mbele ya studio. Hakujua kwamba nampiga.

Kuhusu mstari, siku ile alikuwa na haraka. Tena amekatwa na kioo cha fremu kwenye kidole gumba, utaona amekifunga kitambaa, basi kuandika kunamsumbua. Hakuna la zaidi. Hajakasirika. Anasema picha yako ni nzuri.

Kazi njema.
Mdogo wako,
Flashi

28 Machi 1993

Flashi mdogo wangu,

Marahaba. Mpe Kinyozi pole ya kidole, na mwambie shemeji yangu kwamba habari za kochi tutazungumza nikija. Nimeweka picha nyingine, nimepumzika baada ya kazi.

Kitambaa kimeanza kupata watu. Kinyozi nimemchora mdomo wazi, na ninapoishika brashi ni kama namsikia. Mzee wako wa chai pia nimemwanza: mkono ulioshika kikombe, na baka lake la shavu la kulia. Unakumbuka tulivyoamini kwamba ni doa la dawa ya kusafishia picha? Ulipanda mapajani kwake ukajaribu kulifuta kwa mate.

Lakini nataka kukuuliza. Mzee amesema picha yangu ni nzuri? Tunamzungumzia mzee yupi? Huyu ninayemjua mimi alipoiona picha ya harusi yake mwenyewe alisema aliyeipiga alistahili kunyang'anywa kamera. Hajawahi kuniambia "nzuri" na wala sijawahi kutegemea aniambie.

Halafu nimepiga simu kwa Kinyozi mara mbili nikiomba aniitie baba. Mara zote mbili: "Mzee ametoka kidogo." Ametoka kwenda wapi, mtu ambaye hata sabuni ya duka la jirani alikuwa anamtuma mama? Nikamuuliza Kinyozi hivyo. Akanyamaza. Flashi, Kinyozi akanyamaza! Kisha akasema ana mteja mwenye povu usoni, akaweka simu.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Safari hii nataka picha ya mzee akiwa amempakata mjukuu wake mwenye jino.

Dada yako,
Rangi

5 Mei 1993

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, mashine ya kusafishia picha iliharibika na fundi alikuwa anatuzungusha. Mke wangu mzima. Mtoto ana mafua, analia akiguswa na mtu yeyote asiye mama yake, kwa hiyo ile picha ya kumpakata isubiri. Badala yake nimekupigia mzee juzijuzi akiwa amesimama mlangoni pa studio. Ametoka vizuri, sivyo?

Habari za kitambaa ameshazijua. Nani alimwambia huna haja ya kuuliza, anashika wembe na hajui kufunga mdomo. Mzee hakusema mengi. Aliuliza tu: "Ananichora ili anikumbuke, au ili anione?" Nimekuletea swali lake kama lilivyo, na mimi pia ningependa kujua, maana kumchora mtu mkubwa kiasi hicho katikati ya ukuta si jambo ambalo watu humfanyia mtu anayekunywa chai hapo nje.

Na wewe dada, kwa mapenzi mema kabisa, makochi yako yananichanganya. Mwaka jana lilikuwa jekundu. Februari la kijani. Sasa ni la maua. Nani anabadilisha makochi kama soksi? Mzee ameitazama hii ya mwisho kwa lenzi yake, akaniita, akanionyesha kikaratasi kinachoning'inia chini ya mkono wa kochi. Tulitazamana tu.

Mdogo wako,
Flashi

27 Mei 1993

Flashi,

Leo salamu zitasubiri mwisho, na hilo peke yake likuonyeshe nina hali gani.

Nilikaa kumchora mzee wa mlangoni. Nimechora kichwa, nimechora sikio, mkono wangu ukaenda wenyewe kuweka baka shavu la kulia. Nikaangalia picha yako. Halipo. Lipo kushoto. Nikadhani macho yamechoka, nikatoa ile picha ya chai nikaziweka pamoja. Shati ni lile lile, na kifungo cha pili hakipo katika zote mbili. Gumba limefungwa kitambaa katika zote mbili, ila kwenye chai ni la mkono wa kulia, mlangoni ni la mkono wa kushoto. Vifungo vyenyewe vimehamia upande wa blauzi. Umegeuza negativu! Umechukua picha nyingine ya siku ile ile, ukailaza filamu yake kifudifudi kwenye mashine, ukanisafishia baba wa uongo na kuniambia ni wa juzijuzi. Mimi, niliyekulia kwenye chumba cha giza hicho hicho.

Mtu hutumia picha za siku moja kwa miezi mingi kwa sababu hawezi kupata nyingine. Na kwa nini usipate nyingine, ninaogopa hata kuliandika.

Mama alipougua mliniandikia kwamba anaendelea vizuri. Niliitia barua ile kwenye mkoba nikawa natembea nayo kwa furaha, kumbe siku naisoma alikuwa ameshazikwa. Mlisema hamkutaka nivurugikiwe na masomo. Sikuwagombeza, lakini msidhani niliwasamehe. Safari hii sitaki huruma ya mtu.

Nimempigia Kinyozi nikamuuliza waziwazi. Akasema, "Mwanangu, hilo muulize ndugu yako," akakata simu.

Basi nakuuliza. Baba yu hai au hayupo? Nataka neno moja.

Wasalimie wote, kama wapo wote.

Rangi

10 Juni 1993

Shikamoo dada,

Yu hai. Nimelitanguliza hilo na naliapia kaburi la mama. Yuko chumba cha pili ninapoandika, nasikia redio yake.

Picha niliigeuza kweli. Kwa nini, siwezi kukwambia. Nimeapishwa, na aliyeniapisha unamjua alivyo. Nikisema nitakuwa nimemsaliti, nisiposema nimekutesa wewe. Nimebanwa huku na huku, na sikulitafuta.

Ila na mimi nina langu. Baada ya kusoma barua yako sikutaka uendelee kuumia mpaka posta wajisikie. Nilikwenda kwa Kinyozi nikapiga ile namba ya ofisi ya matangazo unakofanya kazi ya kuchora. Aliyepokea ni mtu wa duka la dawa. Nikadhani nimekosea, nikarudia, akapokea yule yule, safari hii kwa ukali. Akasema ofisi ya matangazo ilifungwa mwaka jana na wenyewe hajui walikokwenda. Nikabaki nimeshika simu, nikayakumbuka makochi.

Dada, uko wapi? Unakaa kwa nani? Unanifokea kwa picha moja niliyoigeuza, na wewe sijui hata moja ya zako imetoka wapi. Habari za simu mzee sijamwambia. Lakini yule haachi kulitazama lile kochi la maua.

Mdogo wako anayekuogopa na kukuogopea,
Flashi

1 Julai 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilisoma "yu hai" nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za posta, watu wakawa wananiruka. Nataka kukuamini. Robo tatu ya moyo inakuamini. Robo iliyobaki inaniambia redio ya marehemu hata mwanawe anaweza kuiwasha, na kwamba mtu aliyeapishwa asiseme anaweza kuwa ameapishwa asiseme hata la msiba.

Sasa yangu. Ofisi ilifungwa, ni kweli. Nilizunguka na michoro yangu mpaka soli za viatu zikaisha, hakuna aliyeitaka. Nafanya kazi kwenye duka la samani. Si mbele kwa wateja. Nyuma, kwenye karakana. Mimi na mama mmoja mtu mzima tunapiga msasa na vanishi. Makochi ni ya dukani. Likifika jipya, asubuhi kabla hatujafungua, navaa gauni la mwenzangu, nakaa, naye ananipiga picha. Kikaratasi mnachokiona ni cha bei. Siku ile tulisahau kukisukumia ndani. Sebule sina. Nina chumba kimoja, na kitambaa cha mzee nimekitundika ukutani hadi kimeziba dirisha, nalala chini ya miguu ya Kinyozi.

Sikutaka baba ajue. Siku naondoka alimwambia kila mtu aliyekuwa kwenye foleni kituoni kwamba bintiye anakwenda kuwa mchoraji. Hata yule aliyekuwa anauza maji aliambiwa. Ningemwambiaje?

Nimeweka picha. Mwenzangu amenipiga nikiwa sina habari: aproni, mikono rangi ya kahawia mpaka viwiko, vumbi la mbao kichwani, macho yamevimba. Nilitaka kuichana. Kisha nikafikiri kwamba kama ninadai ukweli kutoka kwenu, lazima na mimi niwe na wa kutoa.

Mpe mzee. Kama kweli yupo, atasema kitu, na mimi nitajua kama ni yeye aliyesema. Usinitungie, Flashi. Nitajua.

Dada yako,
Rangi

24 Julai 1993

Dada yangu, shikamoo.

Mtoto sasa anasimama akishika meza, na mafua yamekwisha zamani. Hata hayo mafua niliyatia chumvi. Mke wangu anasema sasa anakupenda zaidi, kumbe nawe huna kochi. Kinyozi anaomba radhi kwa kukukatia simu. Anasema angebaki na simu kidogo zaidi angekumwagia yote, na mimi shahidi, ndiyo mara ya kwanza kumwona akijizuia.

Mzee ameniruhusu kusema, kwa hiyo nasema.

Ilikuwa Desemba. Asubuhi alikuwa analipandisha lile pazia la maua, mimi niko chumba cha giza. Nikasikia kishindo, nikadhani kaangusha mti wa pazia. Nilipotoka alikuwa sakafuni, pazia limemfunika. Kiharusi, dada. Upande wote wa kulia ulilala, mkono, mguu na uso. Jicho limeshuka, mdomo umeshuka, na lile baka limeteremka pamoja na shavu. Daktari alisema tushukuru. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Maneno yanatoka polepole na mengine yanakwama njiani. Mkono bado. Ndiyo maana hakuna mstari. Kile kidonda cha gumba kilikuwa cha kweli, ila kilipona hata kabla hajaanguka.

Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo. Akanishika ukosi wa shati kwa mkono ulio mzima, akapambana na ulimi wake mpaka jasho likamtoka, akasema: "Rangi asinione hivi." Unamjua. Mtu ambaye kila anayekaa mbele yake humwambia, "Geuka kidogo, upande wako mzuri uko huku," sasa aliona yeye hana upande. Kile kioo cha wateja cha kuchania nywele alikifunika shuka. Waungwana wakawa wanakwenda kuchania kwa Kinyozi, wavivu wakapigwa hivyo hivyo, na mtaani hapa kuna vitambulisho vya kuvunja mbavu.

Ulipoomba picha nilipagawa. Nilikuwa na negativu za siku moja tu ya Novemba, siku niliyokuwa najaribu kamera. Nikakutumia ya chai. Ulipotaka nyingine nikaigeuza ile ya mlangoni, nikidhani ukiuona mlango umehama utaona ni siku nyingine. Baka sikulifikiria. Unajua akili yangu ya picha, ndiyo maana nimeachiwa pasipoti.

Lakini kuna kitu kinanizunguka kichwani. Kabla ya kuituma ile picha nilimwonyesha mzee. Akachukua lenzi yake. Akaitazama kwa muda mrefu, kidole kikapita juu ya shavu, juu ya vifungo, kikasimama kwenye gumba. Mtu huyu aliwahi kunirudisha chumba cha giza kwa sababu ya unywele mmoja kwenye kola ya mteja. Akanirudishia picha, akasema, "Tuma." Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba macho yake yamelegea. Barua yako ya ukali ilipokuja aliniambia nimsomee. Nilipofika kwenye baka, akatabasamu kwa upande unaotabasamu. Dada, aliliona. Aliliona akaliacha lipite. Kuvunja neno lake mwenyewe hawezi, unajua kiburi chake, basi alikutumia baka uje ulivunje wewe.

Sasa picha yako ya aproni. Nilimpa, nikamsomea barua yote, hata pale pa kituoni. Nikamletea na penseli yake ya kusahihishia nyuso, nikijua ataniambia nipunguze uvimbe wa macho na madoa ya mikono. Akaisukuma penseli ikaanguka chini ya meza. "Usiiguse," akasema. Akaishika ile picha mpaka chai yake ikapoa. Nilimwona anafuta macho na sitakuficha kwamba na mimi nilifuta.

Kisha akainuka na fimbo, akaenda kwenye kioo, akaivuta shuka. Akajitazama. Mimi nikajifanya napanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alipotosheka akaja kukaa kwenye stuli ya wateja. Nikaisogeza kamera, na kwa mazoea mdomo wangu ukasema, "Geuka kidogo, mzee, upande wako mzuri..." Nikakwama. Yeye akanimalizia: "Taa ilete huku." Akaonyesha kulia. Nikaileta. Nilipepesa macho kama kawaida yangu, lakini picha imetoka.

Imo ndani ya bahasha. Nyuma ameandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, usimcheke.

Na ulitaka neno ambalo siwezi kulitunga. Hili hapa: anasema aliyekupiga picha alisimama mbele ya mwanga wake mwenyewe, kivuli chake kimekuangukia begani, asirudie tena.

Mdogo wako,
Flashi

12 Agosti 1993

Flashi, barua hii msomee mzee kwa sauti.

Shikamoo baba. Salamu kwa shemeji yangu, kwa mtoto anayesimama, na kwa Kinyozi, ambaye nimemsamehe yote isipokuwa kile kimya chake kilichonitisha kuliko maneno yake yote. Mwenzangu wa karakana amekubali kosa la kivuli. Amesema hajawahi kukosolewa na mtu aliye mbali hivi.

Nilipofika kwenye kivuli ndipo ile robo ya moyo iliyobaki ikaamini. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeiona picha ile akaanza na bega.

Bahasha niliifungua nikiwa karakana, mikono ina vanishi, nikaishika picha kwa ncha za vidole. Nilianza na nyuma, kwa woga. "Baka limerudi. Na wewe rudi." Maneno yanapanda mlima, yanateleza, yanapanda tena. Kisha nikaigeuza. Nililia, baba, sitasema sikulia. Mwenzangu alinizimia redio akaniachia nafasi. Nikakutazama hadi nikaacha kuuona ugonjwa, nikaanza kukuona wewe, na lile jicho moja linalomshuku Flashi kama kweli ametoa kifuniko cha lenzi.

Nina hasira bado. Ulinificha, nami nilikuficha, na tulivyo wajuzi wa picha tulidhani karatasi itatusetiri wote wawili. Hayo tutagombana ana kwa ana.

Uliuliza kama nakuchora ili nikukumbuke au ili nikuone. Nilikuwa najua jibu moja tu, la kwanza, na lilikuwa linaniogofya kila nikishika brashi. Kwa hiyo nimekufuta. Mzee wa chai nimemfuta, na yule wa mlangoni nimemfuta. Wengine wote wamekamilika: mama na mchele wake dirishani, Kinyozi na mdomo wake, wacheza drafti wamenuna, Flashi amefumba macho, na pembeni mimi mwenyewe, aproni na yote. Katikati kuna stuli ya studio. Haina mtu.

Nimeomba ruhusa kazini, tajiri amenuna lakini amenipa. Nakuja kabla ya siku yako. Kitambaa nitakibeba begani, brashi ziko kwenye mkoba. Nitahitaji siku kadhaa za wewe kukaa nami nikutazame, na najua unachukia kukaa kitako, basi uanze mazoezi.

Flashi, lile pazia la maua uliteremshe. Stuli iweke karibu na dirisha, kioo kiache wazi. Na nikianza kuchora, baba, nakuomba usigeuke.

Binti yako,
Rangi